Mwanangu hatazami kingine ila sinema za mwisho wa dunia. Nimkataze?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Bukoba. Mwanangu wa kidato cha tatu hatazami kitu kingine ila mazombi, magonjwa ya kuangamiza watu na miji inayoporomoka. Akimaliza sizoni moja anaanza nyingine. Nilitaka kumkemea, lakini nakumbuka mwaka 2020, korona ilipopamba moto, mimi mwenyewe niliitafuta ile filamu ya ugonjwa, Contagion, nikaitazama usiku peke yangu, kisha nikairudia. Kwa nini mambo ya kutisha namna hii yanatuvuta? Ni dalili kwamba roho zetu zina kasoro? Na kijana nimkataze?

JIBU: Mwalimu, nianze na filamu uliyoitazama usiku ule, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu imo humo humo.

Contagion ilitoka mwaka 2011, na mwongozaji wake ni Steven Soderbergh. Waandaaji walikaa na wataalamu wa virusi, mmoja wao Ian Lipkin wa Chuo Kikuu cha Columbia, na kirusi chao cha kubuni wakakitengeneza kwa kufuata Nipah, ugonjwa uliozuka Malaysia mwaka 1998 ukitoka kwa popo na kupitia kwa nguruwe kabla ya kumfikia binadamu. Kumbuka inavyoanza. Skrini ni nyeusi, mtu anakohoa, kisha yanatokea maandishi kwamba hii ni siku ya pili. Siku ya kwanza tunanyimwa. Tunapitishwa kwenye misiba, makaburi ya pamoja na maduka yaliyovunjwa, na dakika za mwisho kabisa ndipo tunaonyeshwa yalikoanzia: tingatinga linaangusha miti, popo anatimuka, anadondosha kipande cha ndizi kwenye banda la nguruwe, nguruwe mdogo anakila, nguruwe huyo anafikishwa jikoni kwenye kasino ya Macau, mpishi yuko katikati ya kumwandaa anaitwa ukumbini, anajifuta mikono kwenye aproni na kwenda kumpa mkono mgeni. Hapo filamu inakatika.

Sasa linganisha na mwaka 2020 wako. Ulikuwa unajua nini? Sauti za WhatsApp zisizo na mwenyewe, huyu anasema tangawizi na malimao, yule anasema kujifukiza, shule zimefungwa, na takwimu rasmi za wagonjwa hapa Tanzania ziliacha kutolewa mwishoni mwa Aprili. Hofu ilikuwepo, tena kubwa, ila haikuwa na umbo. Filamu ilikupa hofu ile ile ikiwa na chanzo, mpangilio na chanjo, na baada ya saa moja na dakika arobaini na kitu ikakuruhusu ukalale. Hukuwa peke yako. Miezi ya kwanza ya mwaka ule filamu hiyo ya miaka tisa nyuma ilipanda ghafla kwenye orodha za zinazokodishwa mtandaoni, na waliokuwa wakiitafuta ni watu waliofungiwa majumbani kwa ajili ya jambo lile lile.

Mwaka 1967 mhakiki wa Uingereza Frank Kermode alitoa kitabu kuhusu namna binadamu anavyotunga miisho. Hoja yake, nikiieleza kwa maneno yangu, ni kwamba sisi tunazaliwa mambo yakiwa yameshaanza na tunakufa yakiwa bado yanaendelea. Mwanzo hatukuuona, mwisho hatutauona, kwa hiyo tunajitungia vyote viwili ili hapa katikati paeleweke. Bado sijaona maelezo bora kuliko hayo.

Watafiti nao walipata nafasi ya kulipima jambo hili. Katika miezi ya mwanzo ya korona, Coltan Scrivner na wenzake waliwauliza Wamarekani 310 kuhusu filamu wanazozipenda na hali zao za akili. Waliozoea mazombi, wavamizi kutoka angani na maangamizi ya dunia walieleza kwamba hawakubabaika sana, na kwamba walijiona wamejiandaa zaidi kuliko wenzao. Sikuambii kwamba filamu ndizo zilizowaimarisha. Huenda watu wa moyo mgumu ndio wanaozipenda tangu mwanzo. Lakini kama mapenzi hayo yangekuwa ugonjwa, tungetegemea kuona kinyume chake. Roho yako haina kasoro, Mwalimu, wala ya kijana.

Ukitaka kujua watu wa zama fulani waliogopa nini, na hasa lile walilokuwa hawawezi kulizungumza hadharani, tazama walivyoiangamiza dunia kwenye sinema. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Japani. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni kwenye visiwa vya Bikini, Bahari ya Pasifiki. Nguvu iliyotarajiwa ilikuwa kama megatani 6, yaani sawa na tani milioni 6 za baruti ya TNT. Bomu likatoa 15. Mashua ya kuvua jodari iliyoitwa Daigo Fukuryu Maru, yenye wavuvi 23, ilikuwa nje ya eneo lililopigwa marufuku. Wavuvi wale waliona mwanga mkubwa upande wa magharibi kabla ya alfajiri, na saa chache baadaye wakaanza kudondokewa na majivu meupe. Walirudi bandari ya Yaizu baada ya wiki mbili wakiwa wameungua kwa mionzi, na mwezi Septemba mwendesha redio wao akafariki.

Tarehe 3 Novemba mwaka ule ule Godzilla, filamu ya dubwana la baharini linaloamshwa na mabomu ya haidrojeni, ikaingia kwenye majumba ya sinema. Mwanzo wake ni mabaharia wa meli ndogo wamejipumzisha juu ya sitaha, gitaa linapigwa, mara bahari inawaka mwanga na meli inateketea. Hakuna Mjapani aliyehitaji kuelezwa hiyo ilikuwa meli gani. Ilikuwa imepita miaka tisa tu tangu Hiroshima na Nagasaki, na mpaka mwaka 1952, nchi ilipokuwa chini ya majeshi ya Marekani, habari za mabomu yale zilikuwa zikidhibitiwa. Jambo ambalo watu wazima walishindwa kulisema kwa miaka likasemwa na mtu aliyevaa gozi la mpira, akivunjavunja Tokyo ya kuchongwa. Marekani ilipoichukua filamu hiyo mwaka 1956, ilichomekwa mwandishi wa habari wa Kimarekani na mazungumzo mengi ya nyuklia yakakatwa, watazamaji wakabaki na mnyama mkubwa tu. Mimi naona ukatili katika ukataji ule.

Wamarekani wenyewe walikuja kuonja. Tarehe 20 Novemba 1983 televisheni ya ABC ilionyesha The Day After, ambayo vita vya nyuklia vinaufikia mji wa Lawrence, Kansas, na inakadiriwa watu milioni 100 waliitazama usiku mmoja. Rais Reagan aliiona kabla haijarushwa, akaandika kwenye shajara yake kwamba ilimwacha na huzuni kubwa. Siku hizi zamu ni ya tabianchi, magonjwa na mashine zinazofikiri, na sitakaa hapo kwa sababu kijana wako anazijua hizo kuliko mimi.

Mazombi ndiyo nataka tuyatazame kwa karibu, kwa kuwa umesema ndiyo anayoyapenda, na kwa kuwa yana safari ndefu ambayo sisi tunaweza kuielewa haraka kuliko Mzungu.

Zombi wa asili ni wa Haiti, na hali watu. Ni maiti aliyeinuliwa na mchawi ili alime. Anafanya kazi usiku na mchana, hana usemi, hana kumbukumbu. Kwa watu ambao babu zao walikuwa watumwa kwenye mashamba ya miwa, hakuna jambo la kuogofya kuliko hilo: kwamba hata kifo hakikutoi shambani. Huyo, Mwalimu, wewe na mimi tunamjua. Ni msukule. Habari za mtu aliyezikwa kisha akaonekana akilima shamba la tajiri wa kijiji tumezisikia tangu utotoni, na nyuma yake kuna swali moja la kweli kabisa, la nani anafaidi jasho la nani. Marekani ilipoikalia Haiti kijeshi kuanzia 1915 hadi 1934, simulizi hizo zikafika Hollywood, na katika filamu ya kwanza ndefu ya mazombi, ya mwaka 1932, bado tunawaona wakizungusha kinu cha sukari cha bwana wao.

Kisha mwaka 1968 George Romero na marafiki zake wa Pittsburgh wakatengeneza kwa fedha kidogo Night of the Living Dead, na humo bwana hayupo. Hakuna mchawi, hakuna shamba, hakuna kinu. Limebaki kundi la wafu wanaokula watu, na nyumba moja ambayo watu wachache wamejifungia. Kila zombi unayemwona leo ametokana na hiyo, na sababu mojawapo ni ya kisheria: wasambazaji walipobadilisha jina la filamu walisahau kuweka tangazo la hakimiliki, ikawa mali ya umma, yeyote akaweza kuinakili na kuionyesha bila kumlipa mtu.

Tazama kilichobadilika hapo. Katika habari za msukule, hofu yako ni kwamba utakuwa yeye, na ukimwona unamhurumia, kwa maana ni mtoto wa mtu aliyeibiwa. Katika filamu za leo wewe uko dirishani na bunduki, na waliotanda nje si watu tena, unaruhusiwa kuwapiga vichwa kadiri upendavyo. Watoto wetu wamehamishwa upande bila kuambiwa. Romero mwenyewe alilijua hilo. Shujaa wake, aliyechezwa na Duane Jones, ni mtu mweusi. Anapambana usiku kucha na anafika asubuhi akiwa hai, kisha kundi la raia wenye bunduki linamwona dirishani, linamdhania zombi, linampiga risasi. Filamu ilianza kuonyeshwa Oktoba 1968, miezi sita baada ya Martin Luther King kuuawa. Wengi waliomwiga Romero walichukua meno na damu, wakaliacha lile dirisha.

Kuna utamu mwingine ambao watu huona haya kuutaja. Dunia ikiisha, kodi ya nyumba imeisha. Mkopo umekufa pamoja na benki. Hakuna bosi, hakuna foleni, hakuna namba ya NIDA ya kufuatilia. Mtu anatembea katikati ya barabara kuu, anaingia dukani anachukua koti alipendalo. Mwandishi wa Marekani Susan Sontag aliandika mwaka 1965 kwamba filamu za maangamizi zinampa mtazamaji nafasi ya kukipitia kifo chake mwenyewe na kifo cha miji akiwa bado mzima. Naongeza kwamba zinampa pia likizo.

Kwa kijana wa kidato cha tatu likizo hiyo ina maana ya pekee. Mbele yake kuna mtihani wa taifa, baada ya mtihani kuna kuchaguliwa au kuachwa, baada ya chuo kuna kuzunguka na bahasha ya vyeti. Amekwisha kuona kaka wa jirani mwenye digrii anaendesha bodaboda. Kwenye filamu hakuna anayeuliza cheti. Anayejua kuwasha moto, kushona jeraha, kutengeneza injini au kukaa macho wenzake wakilala ndiye mtu, na tendo lake linaonekana hapo hapo: usipofunga mlango, mwenzako anakufa. Dunia imepunguzwa mpaka ikafika kimo chake. Naamini hicho ndicho kinachomshika, kuliko damu, na si kitu cha kudharau. Anatamani kuhitajika.

Katika fasihi yetu magofu yalikuwa na kazi nyingine. Mapema karne ya 19 Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi akiutazama mji wa Pate uliokuwa umeanguka. Anatuingiza kwenye majumba ya matajiri wa jana: madaka ya ukutani yaliyopangwa sahani za China sasa yamekuwa malazi ya makinda ya ndege, na kumbi zilizojaa watu zimeachiwa wadudu na popo. Ukitoa lugha, picha hizo zingekaa vizuri ndani ya sizoni yoyote ya mwanao yenye miti iliyoota sebuleni. Lakini mshairi anauambia moyo wake uamke na utengeneze mambo yake kabla ya siku yake, kwa sababu kuna atakayeuliza. Ni hivyo hivyo kwa mahubiri ya parapanda tuliyokua nayo makanisani. Mwisho wa dunia wa dini, ya Kiislamu na ya Kikristo, una Hakimu, mzani na hesabu. Mwisho wa dunia wa sinema hauna mtu wa kuuliza, aliyebaki hai ndiye aliyeshinda. Hofu ya wazazi wengi wa dini naiheshimu, ila naona inalenga pabaya. Kutaja kiama si kukiita. Linalofaa kuulizwa ni kama filamu hii imebakiza hesabu yoyote ya wema na ubaya baada ya kumwondoa Hakimu. Zipo zilizobakiza, na hizo ndizo nzuri.

Hapo ndipo ugomvi wangu na sinema hizi ulipo. Karibu zote zinafundisha kwamba umeme ukikatika siku tatu, jirani anageuka mnyama. Huo ni uongo, na umeshagharimu maisha.

Tangu 1963 kuna kituo cha utafiti wa majanga kilichoanzishwa Chuo Kikuu cha Ohio State na Enrico Quarantelli pamoja na wenzake, ambacho baadaye kilihamia Chuo Kikuu cha Delaware. Wamekwenda kwenye matetemeko, mafuriko, milipuko na vimbunga, mwaka baada ya mwaka, na jambo wanalolikuta ni lile lile: watu kukanyagana kwa kiwewe ni nadra, uporaji baada ya majanga ya asili ni mdogo kuliko inavyosimuliwa, na waokoaji wa kwanza karibu kila mara ni majirani na wapita njia. Lakini mwaka 2005, kimbunga Katrina kilipoifunika New Orleans, viongozi na vyombo vya habari walirudia habari za mauaji na ubakaji wa ovyo kwenye uwanja wa Superdome, ambazo nyingi zilikuja kuonekana hazikuwa za kweli. Askari waliingia mjini wakiwa na picha ya filamu vichwani. Tarehe 4 Septemba, kwenye daraja la Danziger, polisi waliwafyatulia risasi raia wasio na silaha waliokuwa wakivuka kutafuta chakula na ndugu zao. Wawili walikufa.

Na wewe unaishi Bukoba, kwa hiyo sina haja ya kwenda mbali. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliyobeba watu 43 ilianguka ziwani asubuhi, karibu kabisa na uwanja. Waliofika kwanza ni wavuvi, na mitumbwi yao. Mmoja wao aliufungua mlango wa nyuma kwa kasia. Hawakuwa na mafunzo, hawakuwa na vifaa, hakuna aliyewatuma, na ndege ilikuwa inazama. Watu 19 tuliwapoteza, 24 wakatoka hai. Mwanao alikuwa mji huo huo siku ile. Muulize ni sizoni gani kati ya alizonazo imewahi kuwaonyesha wavuvi wale.

Kumkataza sikushauri. Utamkataza nyumbani, atazitazama kibanda umiza au kwenye simu ya rafiki, na huko hakuna wa kuzungumza naye zaidi ya dijei anayetafsiri kwa kelele. Kama ana wadogo zake, hao wasikae sebuleni nyama za watu zinapochanwa. Mtoto wa miaka minane haoni hadithi, anaona nyama. Yeye kaa naye, tazameni kipande kimoja kizima, halafu umuulize maswali ya kawaida: wale watu wanakunywa maji ya wapi? Nani anawapikia? Kwa nini kila kundi la wageni ni maadui? Ungekuwa wewe, mtaani kwetu ungemwita nani kwanza? Swali hilo la mwisho ndilo linalowafanya vijana waongee kuliko yote.

Kisha mtafutie Pumzi, ya Wanuri Kahiu wa Kenya, iliyotoka 2009. Ni ya dakika 20 hivi. Afrika Mashariki, miaka 35 baada ya vita vya maji, watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, na mkojo na jasho lao vinachujwa viwe maji ya kunywa. Hata ndoto ni marufuku, ukiota unaamriwa umeze dawa. Asha, mtunza makumbusho, anapelekewa udongo wenye unyevu na mtu asiyejulikana, anapanda mbegu ya zamani, inachipua, wakubwa wanamnyima ruhusa ya kutoka, naye anatoroka na mche wake jangwani akiunyweshea maji yake ya mwisho. Hakuna bunduki ya shujaa, hakuna kundi la kupiga vichwa. Mwisho wake una utata, na nimeona wanafunzi wakibishana juu yake mpaka kipindi kinachofuata. Mwache abishane na wewe.

Dalili ya kukushtua ni nyingine. Akianza kusema hakuna haja ya kusoma kwa kuwa dunia inaisha hata hivyo, akiacha marafiki, usingizi ukimpotea au chakula kikimshinda, hapo hatuzungumzii tena ladha ya filamu. Usianze kwa kumnyang'anya simu. Keti naye mwenyewe, na kama shule yenu ina mwalimu wa ushauri nasaha anayemwamini, mshirikishe mapema.